Ekseli imekatika: kabla hujasema "spea feki", isome kwanza

Fuso imejazwa marudio mpaka juu ya bodi. Inapanda kutoka machimboni kwenda plenti, barabara ni ya udongo na jana mvua ilinyesha. Dereva anaingiza gia namba moja, anaachia klachi, unasikika mlio mmoja mkavu chini ya gari, halafu injini inaunguruma bure. Propela shafti inazunguka, matairi yametulia tuli. Kama umeishi Geita, Kahama au Shinyanga huhitaji kuambiwa kinachofuata: jeki, spana, kichwa cha ekseli kinafunguliwa, nusu ya ekseli inatoka na nusu inabaki ndani ya difu.

Halafu kinaanza kikao cha lawama. Fundi anakiangalia kipande kwa sekunde tano: "Tajiri, hii ni feki." Tajiri anasema dereva anaendesha kama gari ni la adui. Dereva anasema alishaonya kwamba mzigo ni mkubwa. Mwenye duka akipigiwa simu anajibu kwamba mlifunga vibaya. Kila mmoja ana hoja, na anayelipa mwishoni huwa ni mwenye sauti ndogo kuliko wote. Wengi wanajua dereva aliyekatwa posho kwa ekseli ambayo hakuna aliyeichunguza. Kipande kinatupwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, inafungwa nyingine, safari inaendelea. Baada ya miezi mitatu, mlio ule ule.

Lakini kile kipande kilichotupwa kilikuwa na jibu. Chuma kinapokatika huacha sura, na sura hiyo inategemea namna kilivyokatika. Usomaji huu hauhitaji shahada. Unahitaji mwanga wa simu, tupa, vernia kalipa na subira ya nusu saa.

Ekseli inabeba nini hasa?

Watu wengi hudhani ekseli hubeba uzito wa gari. Kwenye lori haibebi. Uzito unapita kwenye springi, unaingia kwenye hausingi ya ekseli (lile bomba nene lenye tumbo la difu katikati), kisha kwenye beringi za habu, kisha kwenye tairi. Ekseli yenyewe ni fimbo ya chuma iliyopita ndani ya hausingi. Upande mmoja ina meno yanayoingia kwenye difu, upande wa pili ina flanji inayofungwa kwa nati kwenye habu. Ndiyo maana unaweza kuichomoa na lori likaendelea kusimama kwenye matairi yake. Kazi yake ni moja tu: kusokotwa. Shika wazo hilo, maana baadaye ndilo litakalotuonyesha mkosaji.

Kabla hatujaendelea, jambo la usalama ambalo halisemwi vya kutosha. Malori mengi ya kati hendibreki yake haiko kwenye matairi. Iko nyuma ya giaboksi na inashika propela. Ekseli moja ikikatika, difu huruhusu upande uliokatika kuzunguka huru, kwa hiyo hendibreki inashika propela lakini gari halishikiki. Hata kuliacha kwenye gia hakusaidii. Kinachobaki ni breki ya mguu. Ukiwa mlimani, utingo aweke mawe nyuma ya matairi kwanza, dereva akiwa bado amekanyaga breki, ndipo mtu ashuke. Asipite mtu yeyote nyuma ya gari hilo kabla mawe hayajawekwa.

Sasa hesabu kidogo. Chukua injini ya lori la kati yenye msokoto wa nyuton-mita 500. Gia namba moja inauzidisha kama mara 6, difu inauzidisha tena kama mara 6. Tunapata 18,000, na difu inaugawa sawa kwa pande mbili, yaani 9,000 kwa kila ekseli. Ili uone ukubwa wake, piga picha ya spana yenye mkono wa mita 13, na mtu wa kilo 70 amesimama kwenye ncha yake. Hiyo ndiyo nguvu inayoisokota fimbo isiyozidi unene wa kifundo cha mkono, na hapo hakuna kosa lolote lililofanyika. Ni gia namba moja na mafuta yamekanyagwa, basi.

Kuna njia mbili za kuzidisha hapo. Ya kwanza ni loki ya difu. Ikifungwa wakati tairi moja liko kwenye tope na jingine kwenye mwamba, karibu msokoto wote unapita ekseli moja. Ya pili haihitaji loki: tairi linazungukia bure kwenye tope, dereva anaongeza mafuta, ghafla linakamata jiwe. Tairi, propela na flaiwili vyote vilikuwa vinazunguka kwa kasi, na sasa vinatakiwa visimame papo hapo. Anayevisimamisha ni ekseli.

Chukua chaki mbili

Hebu fanya jaribio. Shika chaki kwa ncha zake mbili, isokote taratibu bila kuikunja. Itakatika kwa mkato wa mshazari unaozunguka kama ngazi ya mnara, karibu nyuzi 45. Sasa chukua peremende laini inayotafunika au ubani uliokwisha tafunwa, uviringe uwe fimbo, usokote. Unajikunja kama kamba kwanza, kisha unakatika mkato ulio bapa.

Chaki ni mfano wa kitu kikavu, ubani ni mfano wa kitu kinachonyumbuka. Chuma kinaweza kuwa chochote kati ya hivyo viwili, kutegemea kilivyopikwa kiwandani. Kwa hiyo ukishika kipande cha ekseli, anza na meno. Meno yalichongwa yakiwa yamenyooka. Kama sasa yamejipinda kama uzi wa parafujo, na uso wa mkato ni bapa wenye mistari ya mzunguko, basi ekseli ilisokotwa kupita uwezo wake, ikanyumbuka, ikakatika. Ni tukio la siku moja. Muulize dereva nini kilitokea saa ile, na muulize kwa upole, maana jibu lake lina thamani kuliko adhabu.

Kama mkato ni wa mshazari kama wa chaki, wenye chembe zinazometa uso mzima, na meno hayajapinda hata kidogo, ekseli ilikuwa kavu mno. Chuma kikipashwa moto na kupozwa ghafla kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, na lazima kirudishwe kwenye moto wa chini ili kipunguze ukavu. Wahunzi wanaijua hatua hiyo. Pande hizi za kusini magharibi mwa Ziwa Victoria ni nchi ya Warongo, waliokuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe kabla ya mgodi wowote wa kisasa. Kiwanda kinachoiruka ili kuokoa muda kinauza chaki yenye rangi ya chuma. Ila usikimbilie hukumu kwa mshazari peke yake: na ufa uliokua polepole kwa kusokotwa unaweza kufuata mshazari huo huo. Tofauti utaiona kwenye uso wenyewe.

Mistari ya ufukweni

Aina ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi. Umewahi kusimama ufukweni mwa ziwa maji yakiwa yamepungua? Mchangani hubaki mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja ukionyesha maji yalipofika. Kwenye ekseli nyingi zilizokatika utaona mistari ya namna hiyo hiyo. Inaanzia sehemu moja ukingoni na kupanuka kuelekea ndani, uso wake laini, kisha unafika mahali panapobadilika ghafla kuwa na chembe za kukwaruza.

Huo ni uchovu wa metali. Ufa mdogo ulianza siku nyingi zilizopita, ukawa unasogea kidogo kidogo kila ekseli ilipopata mkazo. Sehemu laini ni njia ya ufa. Sehemu ya kukwaruza ni chuma kilichokuwa kimebaki kizima, ambacho siku ya mwisho kilishindwa kwa mpigo mmoja. Kwa maneno mengine, siku ile gari lilipokwama haikuwa siku ekseli ilipoharibika. Dereva wa siku hiyo alikuta kazi karibu imekwisha.

Ukubwa wa sehemu hizo mbili nao unasema kitu. Kama njia ya ufa imekula karibu uso wote na kipande cha mwisho ni kidogo sana, mzigo wa kawaida haukuwa mkubwa, kuna kitu kilikuwa kinaichokoza ekseli muda mrefu. Kama njia ya ufa ni ndogo na sehemu ya kukwaruza ni kubwa, mkazo ulikuwa mkubwa tangu mwanzo.

Elimu hii ilinunuliwa kwa maisha ya watu. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilianguka baada ya ekseli ya kichwa chake kukatika, na zaidi ya watu 50 walikufa kwa moto. Wahandisi walishangaa: ekseli iliyofanya kazi vizuri muda wote huo inakatikaje katika mwendo wa kawaida? Mwaka uliofuata Mskoti William Rankine aliandika kwamba nyufa huanzia kwenye kona kali za ekseli na kukua polepole. Baadaye mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, alizijaribu ekseli kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba mkazo mdogo unaorudiwa mara nyingi unaweza kuvunja chuma ambacho mkazo huo huo, ukija mara moja, usingekifanya kitu.

Mara nyingi ngapi? Hapa ndipo lile wazo la "kazi yake ni kusokotwa tu" linapotusaidia. Tairi la lori lina mzingo wa karibu mita 3, kwa hiyo kilomita 1 ni mizunguko kama 330, na kilomita 3,000 ni mizunguko milioni moja. Sasa tuseme hausingi imepinda kidogo, au beringi za habu zimelegea. Ekseli haisokotwi tu tena, inakunjwa pia, na inakunjwa mara moja kila tairi linapozunguka. Milioni moja inafika baada ya kilomita 3,000, ambazo kwa lori la machimboni si nyingi. Linganisha na msokoto mkubwa wa kuondoka na mzigo: ukiondoka mara 100 kwa siku, kila siku, milioni moja utaifikia baada ya miaka 27.

Kwa hiyo ukiona mistari ya ufukweni karibu na flanji, uso umekatika bapa na nyufa zimeanzia sehemu nyingi kuzunguka ukingo, usipeleke ugomvi dukani. Peleka jeki kwenye gari. Inua tairi, litikise juu na chini, sikiliza kama beringi inacheza. Funga hausingi kwenye vipimo uone kama imenyooka. Ukifunga ekseli mpya, hata iwe orijino ya bei mbaya, kwenye hausingi iliyopinda, itakatika. Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo kinachoongoza kwa kusahaulika, kwa sababu ekseli hubadilishwa kwa saa moja na hausingi inahitaji gari lilale gereji.

Na hausingi inapindaje? Kwa uzito. Marudio, kwa msomaji asiye wa kanda hii, ni mchanga uliobaki baada ya mawe ya dhahabu kusagwa na kuoshwa. Dhahabu kidogo bado imo, ndiyo maana unasombwa kwenda kuchenjuliwa tena. Watu huuhesabu kwa tripu, na tripu ni ujazo. Bodi ya mita 6 za ujazo ikijaa mchanga mkavu ni kama tani 9. Mchanga huo huo ukilowa unakaribia tani 11 na nusu, na kwa macho bodi imejaa vile vile. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10, na hapo uzito wa gari lenyewe umo. Mizani ya TANROADS iko barabara kuu. Njia ya kutoka shimoni hadi plenti haina mzani, ina mashimo.

Basi spea haina kosa?

Inaweza kuwa nalo, na kubwa tu. Ila tutenganishe maneno. Spea feki ni ile iliyobandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayolishughulikia. Spea ya kiwanda kingine chenye jina lake chenyewe si feki, hata kama ni ya bei nafuu. Nyingine ni nzuri, nyingine ni dhaifu. Bei haitakuambia ipi ni ipi, kipimo kitakuambia.

Anza na kipenyo. Katika kusokotwa, mkazo hutegemea kipenyo mara tatu kwa chenyewe. Ekseli iliyotakiwa kuwa milimita 45 ikichongwa 43, mkazo unapanda karibu asilimia 15. Milimita mbili huzioni kwa jicho, vernia inaziona. Kisha angalia kona ambapo fimbo inakutana na flanji. Inatakiwa iwe na mviringo laini, isiwe pembe kali wala isibaki na mikwaruzo ya kisu cha mashine ya kukereza. Ni ile ile hoja ya Rankine: ufa unapenda kona.

Halafu ugumu. Mkazo wa kusokota ni mkubwa kwenye ngozi ya fimbo na ni sifuri katikati. Kwa sababu hiyo kiwanda kizuri huipasha ngozi moto na kuipoza ghafla iwe ngumu, na kuacha moyo ukiwa laini ili unyumbuke. Kwenye uso wa mkato mara nyingi utaona pete: ukingoni chembe ndogo za kijivu kama hariri, ndani chembe kubwa zaidi. Ikiwa hakuna pete kabisa, au pete ni nyembamba kama karatasi, tia shaka. Thibitisha kwa tupa. Tafuta kipande cha ekseli ya zamani unayoijua kuwa ya kiwandani, pitisha tupa ile ile, kwa nguvu ile ile, kwenye vipande vyote viwili. Kwenye ngozi ngumu tupa inateleza na kulia. Kwenye laini inauma na kutoa unga. Usijaribu kimoja peke yake, mkono utakudanganya.

Wanunuzi wa dhahabu wana asidi ya nitriki, na maabara hutumia asidi hiyo hiyo, iliyopunguzwa sana, kuonyesha pete ya ugumu kwenye chuma kilichosuguliwa. Nimesema maabara. Mvuke wake unaunguza mapafu, usiuchezee uani.

Mtego mmoja wa kwetu: ukifungua flanji unaweza kukuta unga mwekundu kati yake na habu. Usiuite vumbi la Geita haraka hivyo. Nati zikilegea, vyuma viwili vinasuguana kwa mwendo mdogo mno, na unga wa chuma unaotoka unashika kutu, unakuwa mwekundu. Rangi zimefanana kwa sababu udongo wetu mwekundu nao umepakwa rangi na kutu ya chuma. Tofauti ni mahali. Vumbi la barabara hukaa nje. Unga ulioshikana na mafuta mithili ya uji, katikati ya nyuso zilizotakiwa kubanwa, umezaliwa hapo hapo, na maana yake nati hazikukazwa vizuri au zimelegea njiani. Hapo mwenye duka yuko sahihi.

Wengine huepuka mjadala wote kwa kununua ekseli ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la Japani. Si wazo baya, chuma chake mara nyingi ni kizuri. Tatizo ni kwamba uchovu hauponi kwa kupumzika. Ufa ulioanza huko umesafiri na meli. Kuna jaribio la zamani la mafundi wa reli unaloweza kulifanya: safisha ekseli, ipake mafuta ya taa, iache dakika 20, ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki uliokorogwa na spiriti. Chaki ikikauka, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi. Ukiuona karibu na flanji au mwanzo wa meno, rudisha. Usipouona, bado kuna nyufa ndogo ambazo njia hii haizikamati.

Mara nyingine ushahidi unaelekea pande mbili, ngozi laini na hausingi iliyopinda kwa pamoja. Hapo hakuna anayeshinda kikao. Rekebisha hausingi, badilisha chapa ya ekseli, na gharama mgawane kwa kuongea.

Yote haya yanawezekana tu kama kipande kimetunzwa. Usivigonganishe vipande viwili kuona kama vinakaana. Unaisugua ile mistari mpaka inapotea. Usipitishe brashi ya waya. Suuza kwa dizeli, paka oili ili kutu isianze, funga kwa nailoni. Piga picha ukilaza mwanga wa tochi pembeni, usimulike usoni moja kwa moja, mistari itajitokeza kwa vivuli. Toa na kile kilichobaki ndani ya difu, na mwaga oili yake kwenye beseni uangalie kama kuna chembe za chuma. Kisha funga lebo ya karatasi ngumu: kushoto au kulia, imekatikia flanji au meno, imefungwa lini na kwa kilomita ngapi, ilikuwa imebeba nini, jina la chapa lililogongwa kwenye kichwa. Ukiipeleka TBS au maabara ya uhandisi ya chuo kupimwa ugumu, swali la kwanza watakalokuuliza ni hayo yaliyoandikwa kwenye lebo.